Chakula Kilichopita Darajani

Nyumbani,
Nyuma ya ghala la zamani la pamba.
Jumapili, mvua ikinyesha.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Naomba barua hii ikukute mzima, kile kifua kimepona, na baridi ya huko haijakusahaulisha jasho. Sisi hatujambo, kwa kadiri ya watu waliotoka tulikotoka. Mama anakusalimu kabla ya wengine wote. Ameniamuru nianze hivyo, na amesimama nyuma yangu kuhakikisha, ingawa macho yake hayashiki tena maandishi. Magoti bado yanamsumbua. Anasema goti la kushoto linatabiri mvua na la kulia linakanusha, sasa hajui amwamini nani.

Shemeji yako bado yupo na ufundi redio wake. Kibanda ni kile kile, na wateja ni wale wale wanaobeba redio zao zikishapona na kusema watapita kesho. Watoto wamerudi shule. Wanakuulizia, au niseme kweli, wanauliza gitaa litakuja lini, na kama lazima lije na wewe.

Mvua nimekwisha kukutajia. Nimeitaja juu kabisa makusudi, ili usome yaliyobaki ukijua kwamba ardhi imelowa.

Barua yako niliipata. Unauliza kama ni kweli yanayoandikwa huko, kwamba fedha za tamasha la njaa zilikwenda kwa watu wenye bunduki. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona, unauliza kama Mjomba anajua kuwa ni wewe uliyemwambia Mwimbaji, mkuu wa bendi yenu, habari hiyo. Nitajibu yote mawili. Lakini nivumilie nianzie mbali, maana siku ile ulipoongea na Mjomba kwenye simu ulipata kipande tu, na kipande ndicho kilichosafiri dunia nzima.

Siku ya tamasha, shemeji yako alitoa redio yake kubwa nje ya kibanda na kuunganisha spika mbili. Watu walijaa mpaka barabarani. Mwimbaji alipoanza kuimba, hakuna aliyeelewa lugha, lakini tulimwelewa. Mama aliapa kwamba anasikia gitaa lako nyuma ya ngoma. Sisi wengine hatukusikia kitu, ila nani angebisha? Mtangazaji aliposema watu wa huko wametoa fedha nyingi kwa ajili yetu, wanaume wazima walilia. Si kwa furaha tupu. Ni vile mtu anavyolia akigundua kwamba kumbe alikuwa akionekana.

Wakati huo ghala la pamba lilikuwa limegeuzwa wodi, na mimi ndiye nesi niliyepangiwa humo. Mikeka ilitandikwa juu ya saruji, mtoto kando ya mtoto. Mizani iliyokuwa ikipima marobota tuliiweka kando na kuning'iniza ndogo. Tulikuwa na utepe wa kupima mkono wa mtoto: kijani ni heri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbio. Nyekundu ilituzoea. Utashangaa nikikuambia kwamba kelele ndizo zilizotufariji. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia. Tuliogopa wale walionyamaza na kututazama.

Shirika lililokabidhiwa fedha za tamasha liliomba mji uunde kamati ya kusafirisha chakula. Watu wakamchagua Mjomba Gunia kuwa mwenyekiti, kwa sababu ni mfanyabiashara wa nafaka, ana malori na anaijua njia. Wengine waliguna. Walisema fisi amepewa bucha alilinde. Mjomba alisikia, akacheka, akajipapasa tumbo na kusema fisi huyu ameshiba tangu utotoni. Ndivyo alivyo, unamjua.

Afisa wa shirika alikuwa kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi hata wiki ambazo mabomba hayakutoa tone. Alitusomea masharti. Mojawapo lilisema kwamba fedha ya msaada isimguse mtu yeyote njiani. Tuliona ni sharti jema. Mimi nilipiga makofi.

Sasa nikuambie la Pole Pole. Unamkumbuka, dereva wa Mjomba, aliyeendesha lori kana kwamba amebeba mayai. Ndiye aliyekupeleka stesheni siku ulipoondoka, na nusura ukose treni. Yeye ndiye aliyebeba shehena ya kwanza.

Daraja la chuma ndiyo njia pekee ya kuingia kwetu, na tangu mapigano lilikuwa mikononi mwa vijana wenye silaha. Hawakuwa wa serikali wala wa wapinzani. Serikali yao ilikuwa tumbo lao. Utingo wa Pole Pole, mtu mzima mwenye wajukuu, ndiye aliyetusimulia. Walisimamisha lori wakadai ushuru. Pole Pole akawajibu, "Sina ruhusa ya kutoa hata senti. Hiki ni chakula cha watoto." Wakamwambia basi ashuke, wataendesha wenyewe. Akashuka. Akiwa ameshuka alichomoa ufunguo, akautupa mtoni.

Walimpiga risasi palepale. Unga waliushusha kwa vichwa.

Mjomba alikwenda mwenyewe kumchukua. Alimrudisha amefunikwa turubai la lori. Mke wa Pole Pole alikuwa uani anaanika nguo, na aliposikia lori hakugeuka hata kidogo. Alisema tu, "Leo naye amechelewa wapi?" Alishazoea mume wa kuchelewa. Mjomba alisimama pale na kofia mkononi, na mimi nyuma yake, mpaka alipogeuka na kutuona nyuso.

Baada ya maziko Mjomba aliniambia nifuatane naye ofisini kwa afisa, nieleze hali ya wodi. Nilieleza. Nilisema nyekundu zimezidi na akiba ya uji inakwisha. Mjomba alisubiri nimalize, kisha akasema, "Lori lijalo nitawalipa."

Afisa aliinuka akafunga dirisha. "Mzee, hilo mimi sijalisikia."

"Nimesema kwa sauti."

"Na mimi nimekuambia sijalisikia."

Walitazamana. Mjomba akavaa kofia yake tukatoka.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. Alilipa. Alilipa kwa fedha zile zile za tamasha, na malori yakapita. Uji ukarudi. Nakumbuka asubuhi moja mtoto aliyekuwa hanyanyui shingo alimpokonya mwenzake kikombe, wakapigana, na sisi manesi tukasimama tunawaangalia kama tunaangalia harusi. Wengi wa watoto wale leo wanakimbia mitaani wakivunja vioo vya watu. Ukiambiwa fedha iliharibika, kumbuka na vioo hivyo.

Lakini ningekomea hapo ningekuwa nimekudanganya, na wewe si mtu wa kudanganywa.

Vijana wa darajani waliposhika fedha hawakununua viatu. Walinunua risasi. Wakavuka mpaka kijiji cha ng'ambo, wakachoma nyumba, wakachukua mbuzi na kila kilicholika. Majeruhi waliletwa kwangu. Mmoja alikuwa mama mfinyanzi, ambaye vyungu vyake vinapikia nusu ya mji huu. Mumewe alibaki kwenye majivu. Yeye alikuwa na risasi begani.

Nilikuwa namfunga kidonda aliponiuliza, polepole, bila hasira, "Nesi, ni kweli mnawalipa wale?"

Nikamwambia atulize bega.

"Basi hii," akasema, akiigusa bandeji, "mliilipia nyinyi."

Mdogo wangu, nimesomea kufunga vidonda. Kile sikujua nikifunge wapi. Nilipotoka zamu nilikwenda moja kwa moja kwa Mjomba nikamweleza. Aliketi juu ya magunia dukani kwake, mzigo ukaning'inia mabegani mwake ambao hakuna mtu aliyeuona. Hakujitetea. Aliniuliza tu kama yule mama ataweza tena kufinyanga. Nikamjibu kwa mkono mmoja, labda.

Wiki ile ndiyo wewe ulipopiga simu. Alikuambia kwa sababu uko mbali, na kwa sababu tangu baba afariki yeye ndiye aliyekulea. Hapa hakuwa na wa kumwambia. Kila mtu alikuwa ama anakula chakula chake ama anauguza risasi yake. Sijui alikuambia kwa maneno gani. Najua tu kwamba wewe hukuweza kukaa nayo, ukamwambia Mwimbaji. Naye hakuweza kukaa nayo, akaisema mbele ya waandishi wa habari huku machozi yakimtoka. Hapo ikawa si siri ya mtu tena.

Fedha zilisimamishwa. Magari meupe yalikuja na wakaguzi. Mitaani watu waliulizwa maswali na wageni wenye kamera, na waliokuwa hawajui kitu ndio waliojibu kwa urefu. Afisa wetu alisema hakuwahi kusikia habari ya malipo. Na kwa kweli, huyo alishasema hakusikia.

Malori yalisimama uani kwa Mjomba yakaota vumbi. Wodini nyekundu ilirudi. Kulikuwa na mapacha wa kike, walioletwa na bibi yao. Walikuwa wamefika njano, tukaanza kuwatania kwamba watatoka kwa miguu yao. Uji ulipopunguzwa mmoja alirudi nyuma haraka, na hatukuweza kumshika. Aliyebaki aliendelea kuupapasa ule upande wa mkeka, akitafuta.

Sikuandikii haya yakuangukie wewe. Waliofunga fedha ni watu wazima, na waliofunga daraja ni watu wazima. Lakini barua iliyomruka mtoto yule ingekuwa barua ya uongo.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mkaguzi mkuu, mama wa miwani na sauti ya taratibu, alimwita Mjomba mbele.

"Uliwalipa watu wa darajani?"

"Niliwalipa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mjomba alimtazama afisa. Afisa alitazama viatu vyake. "Mimi ndiye mwenyekiti," Mjomba akasema. "Ruhusa ilikuwa yangu."

Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Na wengine wakadakia. Nilimtambua yule wa kwanza. Mwanawe nilimpima mimi, nikamwona akipanda kutoka nyekundu hadi kijani kwa chakula kile kile. Nilitaka kusimama, lakini mke wa Pole Pole alinitangulia.

"Mnamwita mwizi," alisema. "Mume wangu hakulipa. Alifuata sharti lenu, neno kwa neno. Haya, mwiteni naye aje hapa mumpongeze."

Kabla hajaketi, mama mfinyanzi alisimama nyuma kabisa, mkono umefungwa shingoni.

"Na mimi?" akauliza. "Yeye mumewe alikufa kwa kutolipa. Wangu amekufa kwa kulipa. Mnipe basi sharti ambalo mume wangu angefuata akabaki hai."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Wale kina mama wawili walibaki wamesimama, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakitazamana juu ya vichwa vyetu. Kisha mkaguzi akauliza jambo la mwisho: habari hizi zilifikaje nje? Nilihisi mkono wa Mama ukinishika. Wakati ule Mama hakujua kitu. Alinishika tu kwa sababu aliona nimekamata ukingo wa dawati.

Mjomba alisema, "Aliyesema hakusema uongo. Jina lake halimo katika kosa langu."

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Anajua. Alijua tangu siku ya kwanza redio ilipolitangaza, maana hakuwa amemwambia mwingine.

Mjomba aliondolewa kwenye kamati na kukatazwa kugusa kazi yoyote ya msaada. Ripoti ilisema hakuna fedha iliyoingia mfukoni mwake, lakini mstari huo haukupata gazeti. Chakula kilianza tena kupita, safari hii kikisindikizwa na wanajeshi. Nao wanalipwa kutoka kwenye fedha zile zile za tamasha, tena zaidi ya walivyodai vijana wa darajani, ila sasa kuna risiti na inaitwa gharama za ulinzi. Nilipita darajani mwezi uliopita. Niliwaona wanajeshi wakiwashiana sigara na vijana wale wale. Sijasikia mwimbaji yeyote akililia hilo.

Nilimsomea Mama barua yako yote, hata zile herufi ndogo. Nisamehe, lakini mwana wake ni wewe na kaka yake ni yule. Haikuwa haki yangu kumfichia. Nilipomaliza akavaa viatu vyake vya kutokea, na magoti yale, akaenda kwa Mjomba kwa miguu huku mimi namfuata.

"Kaka," akasema mlangoni, "nimekuja kwa ajili ya mwanao."

"Umekuja kuomba radhi au umekuja kunywa chai?"

"Yote mawili."

"Basi tuanze na chai, hiyo ikipoa hainyweki."

Walikunywa. Mama alilia kidogo ndani ya kikombe. Mjomba akamwambia, "Kweli haina mjomba, dada. Kijana alisema kilichokuwepo. Alikisema nusu, kwa kuwa mimi nilimpa nusu. Nilimwambia la risasi, sikumwambia la Pole Pole. Nilikuwa naungama, na anayeungama hajitetei." Akamimina chai nyingine. Tangu siku ile sijamsikia akilirudia.

Mtaani ametengwa. Duka liko wazi lakini wanaoingia ni wachache, na waliokuwa wakimwita mzee sasa wanavuka barabara. Mke wake ndiye anayeumia zaidi. Anajibu matusi ambayo Mjomba anajifanya hayasikii. Nilidhani atakwisha taratibu pale juu ya magunia yake, nikuandikie barua nyingine kabisa.

Lakini asubuhi moja alikuja wodini akauliza kama ninakwenda ng'ambo kubadilisha bandeji. Nikasema ninakwenda. Akasema tutafuatana.

Hakuna aliyemtuma. Nilimwonya kwamba wanaweza kumpiga. Alijibu kwamba hata hilo lingekuwa mazungumzo. Tulipofika, watu walitoka kwenye vibanda vyao vya turubai na kumtazama. Mmoja akaokota jiwe, akakaa nalo mkononi. Mjomba alikwenda mpaka mbele ya mama mfinyanzi, akavua kofia.

"Mimi ndiye niliyelipa," alisema. "Nilijua wana bunduki. Sikujiuliza watazielekeza wapi. Nilipaswa kujiuliza."

Mama yule alimtazama sana. Mvua ilikuwa haijaja bado, vumbi lilituzunguka sote. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Sijakusamehe. Lakini kaa."

Mjomba akakaa. Nilifunga bega, tukaaga, tukarudi. Wiki iliyofuata alikwenda tena, safari hii na lori lake moja lililobaki zima, limejaa nguzo za kujengea. Na bado anakwenda. Wapo wanaompokea na wapo wanaotema mate akipita. Yule wa jiwe alimsaidia kushusha nguzo, kisha akamwambia asizoee. Mvua hii ya leo imekuta paa kadhaa ng'ambo zimesimama. Msamaha bado, na sijui kama utakuja. Mjomba naye hauulizi.

Sasa mimi dada yako nina ombi. Mwimbaji anakusikiliza, ulimwambia mara moja, akaiambia dunia. Mwambie tena. Mwambie juu ya Pole Pole na ufunguo mtoni. Mwambie juu ya mama mfinyanzi, neno alilosema ukumbini, usilipunguze makali. Mweleze pacha yule. Asimfanye Mjomba malaika wala shetani; hatumhitaji awe kimojawapo. Na wasiache kutoa. Mtu mwenye njaa hawezi kungoja mpaka dunia iwe safi ndipo ale.

Na umpigie simu Mjomba. Yeye hatapiga; ni mkubwa wako, na anaogopa utadhani anakudai neno. Usianze na radhi. Anza kama watu: muulize mgongo wake, muulize mvua, muulize nguzo zimefika ngapi. Mwache akucheke lafudhi uliyoiokota huko. Likibaki la kusemwa, atakuwa ameketi vizuri na wewe pia.

Wanakusalimu shemeji yako na watoto, mke wa Mjomba ambaye anasema umekonda kwenye picha, shangazi wa sokoni, na mke wa Pole Pole, aliyeniambia mwenyewe niweke jina lake katika salamu hizi. Nawe utusalimie wenzako wa bendi. Mungu akutunze vidole vyako na ulimi wako, avipe kazi inayofaa, na akurudishe kwetu tukiwa bado tupo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye vile vile,

Nesi wa ghalani.